Nilivyong'oa Masale ya Mpakani

Nianze kwa kukiri kwamba kule Old Moshi, kuanzia kituo cha kukusanyia maziwa mpaka juu kanisani, mimi siitwi tena Hepi, naitwa "yule wa masale", na ukipotea njia ya kuja kwetu ukataja jina hilo utaletwa mpaka mlangoni bila mtu kucheka, maana wameshacheka wakachoka. Nimekubali. Aibu ni yangu na bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkasimuliwe na wifi zangu, ambao wanaongeza chumvi mpaka wanafika kusema nilipiga magoti barabarani, na mimi barabarani sikupiga magoti jamani, nilipiga uani kwa watu, ni tofauti.

Kwa asiyenifahamu, nauza mapazia mjini Moshi. Mume wangu, Elibariki, ni dereva wa magari ya watalii, leo yuko Ngorongoro kesho yuko Tarangire, na tumepanga Soweto ya hapo hapo Moshi miaka yote ya ndoa yetu. Baba mkwe alipotukabidhi ile nyumba ya zamani iliyoko kwenye kihamba chao (shamba la ukoo, migomba na kahawa, ndipo Eli alipozaliwa), nilisema sasa watanijua. Na walinijua. Nyumba ilikuwa na bati la kutu na madirisha ya mbao yanayofungwa kwa kamba, nami nikaigeuza: bati jipya, madirisha ya alumini, dari ya jipsamu, jiko la ndani lenye sinki. Kila Jumamosi Eli akiwepo tulipita Majengo kumchukua fundi wetu Hamisi, tukapakia vitu, tukapanda mlima huku tunagombana njia nzima kuhusu tailizi, yeye akitaka za kahawia kwa sababu hazionyeshi uchafu na mimi nikitaka nyeupe kwa sababu zinaonyesha. Ziliwekwa nyeupe. Siwezi kujidharau kwa kitu ninachokiweza, na kazi ya kusimamia ujenzi naiweza.

Jirani yetu wa ubavuni ni Mama Aikande, mjane, rika la baba mkwe, mtu wa maneno machache. Mama yake Eli alipougua akakaa hospitali muda mrefu, huyu ndiye aliyemlea Eli, akala kwake, akalala kwake, akachapwa kwake, na mpaka leo Eli akifika kihambani anaanzia kwa huyo mama kusalimia ndipo aje kwetu. Tulipopanga siku ya kubariki nyumba, Eli alisema kitu kimoja tu, kwamba kwa kuwa mama yake mzazi ni marehemu, wa kutangulia kuingia ndani pamoja na baba awe Mama Aikande. Mambo ya tailizi aliniachia, mambo ya chakula aliniachia, lakini hilo alilisema mara mbili, na mimi nikamwambia asiwe na wasiwasi, liko mikononi mwangu.

Ibada ilipangwa Jumamosi. Alhamisi yake Eli yuko porini na wageni wake, mimi niko kihambani na Hamisi tunamalizia, nikasimama barazani nikaanza kuwaza magari: dada zangu wanatoka Marangu na lao, wifi mkubwa anatoka Dar na lake, mchungaji naye ana lake, sasa yote hayo yatageuzia wapi? Ubavuni mwa nyumba palikuwa na safu ya masale, ile mimea ya majani membamba, marefu kuliko mimi, yamekalia nafasi nzuri kabisa. Ng'ambo yake kuna kipande cha ardhi chenye magimbi ya Mama Aikande, halafu ndipo unakuta mfongo, yaani ule mfereji wa zamani wa kumwagilia mashamba.

Sasa msinione mshamba. Mimi ni Mchagga wa baba na mama, masale nayajua tangu nikiwa mgongoni. Najua yanaoteshwa mpakani, na najua ukimkosea mtu unampelekea jani la isale lililofungwa fundo, na huyo uliyemkosea, hata awe na hasira ya namna gani, isale halirudishi. Kwa hiyo sikuyang'oa kwa kutojua. Niliyang'oa kwa kujua sana. Kwetu Marangu mpaka wa baba yangu na jirani yake ni mfongo, wa baba zangu wadogo nao ni mfongo, basi nikatoa hukumu pale barazani, peke yangu, kwamba na hapa mpaka ni mfongo, hayo masale yako ndani kwetu, ni maua tu ya bibi fulani wa zamani. Hata yale magimbi nikaona yako kwetu kwa huruma ya familia. Nilitoa simu nimpigie Eli, nikakumbuka porini mtandao unasumbua, nikaona ananichelewesha bure, nikairudisha mfukoni. Kesho yake alikuwa anarudi, ningeweza kabisa kusubiri.

Nikavaa buti za mpira nikaingia kazini mwenyewe, Hamisi na sururu, mimi na panga. Mizizi ya masale haitoki kwa kubembelezwa, tulitoka jasho. Lori lililotuletea kokoto likapewa yale mashina yote yakatupwe mbali (dereva alisema ana shimo la kufukia huko mjini), kokoto zikamwagwa, tukazisawazisha, na niwaambie ukweli, palipendeza. Mama Aikande akatokea na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akasimama.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba."

"Tumesafisha kidogo mama, sasa panapumua. Magimbi yako usihangaike kuyahamisha, yaache tu hapo, sisi hatuna shida nayo."

Akanitazama mimi, akayatazama magimbi, akasema "Aika," ambayo ni asante, akaingia ndani kwake na mzigo wake. Nikamwambia Hamisi, unaona, mama wa watu ana shukrani.

Nikapiga picha. Nikaziweka kwenye grupu la ukoo wa kina Eli, moja nimeandika Kabla na nyingine Baada, na chini yake nikaandika: wageni wetu leteni magari, nafasi ipo. Nikakaa nasubiri sifa. Nikaona watu wanasoma, wanasoma, hakuna anayejibu, na grupu lile mtu akituma hata picha ya kuku linajaa. Mwisho wifi mkubwa akaandika, "Hepi, na masale?" Na mimi, kwa kujiamini kwangu, nikamjibu, "Yamestaafu." Baada ya hapo hata wale waliokuwa wanasoma wakaacha kusoma.

Eli akapiga. Kumbe huko porini mtandao ulikuwepo.

"Hepi, hizo picha ni za nyumbani?"

"Za nyumbani. Umeiona nafasi?"

"Masale umeyaweka wapi?"

"Nimeyatoa. Si mpaka ni mfongo?"

Jamani, nilisikia mume wangu anashusha pumzi ndefu kwenye simu. Akaniambia taratibu, kwa ile sauti anayotumia kwa watalii wanaotaka kushuka kwenye gari mbele ya simba, kwamba mfongo ulihama. Mvua kubwa ya zamani ilibomoa ukingo, maji yakajichimbia njia mpya katikati ya shamba la kina Mama Aikande, na baba mkwe na marehemu mume wake wakagombana juu ya ardhi hiyo mpaka wakashikiana mapanga. Walipopatana ndipo wakaotesha yale masale kwa mikono yao wawili, pale pale mpaka wa kweli ulipokuwa.

"Mfongo ulihama, Hepi," akasema. "Masale hayakuhama."

"Kwa hiyo yale magimbi..."

"Magimbi ni ya kwake, yako kwake."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Nilikuwa nimemruhusu mjane wa watu aache magimbi yake kwenye shamba lake mwenyewe, kwa hisani yangu, naye akanishukuru. (Hilo Eli sikumwambia siku ile, alikuja kuambiwa na Hamisi.)

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshapanda mlima na kushuka, kwamba mke wa Elibariki ameanza kumla mjane. Huko kwetu mtu akisema unamla mjane, yaani unamnyang'anya ardhi yake, hajasema kitu kidogo, ni bora akuite mchawi. Baba mkwe anayeishi juu kidogo kwa kaka yake Eli alinipigia, hakupaza sauti, na mimi wazee wasiopaza sauti ndio wananitisha. Akasema, "Mwanangu, hiyo nyumba mimi siingii mpaka Mama Aikande aingie. Na mchungaji nimemwambia hivyo hivyo." Akanitakia usiku mwema.

Mimi si mtu wa kulala na tatizo. Ijumaa asubuhi nikachukua kitenge kizuri cha kwangu na mfuko wa sukari nikaenda kwa Mama Aikande, nikiamini tutayamaliza kike. Akanikaribisha, akanipa chai ya maziwa, tukaongea habari za mvua, akanisindikiza mpaka mlangoni, na pale mlangoni akanirudishia kitenge changu na sukari yangu kwa upole kabisa, kana kwamba nilikuwa nimevisahau. Eli aliporudi mchana nikamweleza, akasema, "Hepi, hapo haitakiwi sukari. Linatakiwa isale."

Basi tukatafuta isale. Na hapa ndipo mtanicheka, nawapa ruhusa, maana kihamba chetu kizima, kutoka barabarani mpaka kwenye kahawa za mwisho, hakikuwa na isale hata moja, yote yalikuwa kwenye ile safu na ile safu niliipeleka mjini kwa lori. Eli akampigia dereva wa lori, akajibiwa yameshafukiwa na kifusi kimepita juu. Tukaenda kwa majirani wa upande wa chini, wakasema yao bado madogo (yalikuwa yananipita kichwani). Tukaenda kwa mzee mmoja wa kanisa, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nikiwapa la kwangu itaonekana na mimi nilikuwemo." Hata pale nilipofikiria kulikata la njiani bila kuuliza, Eli alinishika mkono akasema kukata isale la watu lisiloombwa ndiko kulikotufikisha hapa. Masale yaliyobaki karibu yetu, ambayo mwenyewe hangeogopa kuingizwa kwenye kesi hii kwa kuwa tayari yumo, yalikuwa nyuma ya zizi la Mama Aikande.

Jumamosi ikafika kwa kuwa haikuwa na pengine pa kwenda. Nimevaa gauni la kitenge lililofanana na shati la Eli, viatu virefu vipya, nywele zimesukwa, mtori uko jikoni, mbuzi yuko jikoni, mbege, pombe yetu ya ndizi, iko kwenye ndoo nyuma ya nyumba (mchungaji aliambiwa ni togwa), kwaya imefika, dada zangu wamefika, na nyumba yangu nzuri imefungwa, hakuna anayeingia. Wageni wamesimama juu ya kokoto zangu. Baba mkwe amekaa ndani ya gari la mwanawe mkubwa kule barabarani, kioo kimefunguliwa, anatazama mbele. Eli akasema, "Twende wote." Sauti ya baba mkwe ikatoka kwenye gari: "Aende aliyeng'oa."

Nikaenda. Na kwa kuwa kizuizi chote kati ya uwanja wetu na uwanja wa Mama Aikande nilikuwa nimeking'oa mimi mwenyewe kwa panga, wageni wangu wote waliona kila kitu na kusikia kila neno, bila kulazimika hata kusogea. Viatu virefu vilizama kwenye udongo wa magimbi, nikavivuta, vikazama. Mama Aikande alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, amevaa nguo yake ya kanisani na kitambaa chake kichwani, tayari kabisa kwa ibada ambayo hakuwa na uhakika kama ataiingia. Nilipoiona ile nguo ndipo ukanishuka ule ujasiri wangu wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Mikono mitupu, mama. Nimekuja kukuomba isale."

"La kumpelekea nani?"

"Wewe."

Nyuma yangu mtu akaguna, mwingine akacheka akajiziba na kanga, na hata bila kugeuka nilijua ni wifi mkubwa. Mama Aikande hakucheka. Alinitazama mpaka nikaona afadhali angenichapa, kisha akanionyesha kwa kidole nyuma ya zizi na akasema nikachague mwenyewe. Nikakata. Nikarudi nikapiga magoti (uani, narudia), nikajaribu kulifunga fundo, likafunguka, nikalifunga tena, likachanika ncha. Jasho linanitoka, kwaya nzima inatazama.

"Marangu hawafungi masale?" akauliza.

"Wanafunga, mama. Mimi nilikuwa naona tu."

Akalichukua jani kutoka mkononi mwangu, akalifunga fundo yeye mwenyewe, zuri, la kubana, akanirudishia ili mimi nimpe yeye. Sijawahi kuwa mdogo kama dakika ile. Nikamnyooshea kwa mikono miwili, na hakulipokea mara moja, akasema kwanza maneno yake, kwa sauti ile ile ya chini.

"Baba Aikande alipofariki watu waliniambia mpaka wangu utaliwa, niuze niende kwa watoto. Nikawaambia upande ule hakuna wa kunila, kule yuko Elibariki. Alhamisi niliposimama pale sikuwaza masale. Niliwaza kwamba wale watu walisema kweli na mimi nilikuwa mjinga."

Nililia. Wala si kile kilio cha kutafuta huruma ambacho nakijua na huwa nakitumia, nililia kwa sababu niliona nimemfanyia nini. Nilikuwa nimeogopa ibada kuharibika na ukoo kunisema, kumbe huyu mama tangu Alhamisi alikuwa anakaa humo ndani akijiuliza kama yule mtoto aliyemlisha ndiye amekuja kumfukuza. Nikamwambia, "Mama, Eli hakujua. Ni mimi, kwa kujifanya najua." Nikasikia hatua, Eli naye amekuja amepiga magoti pembeni yangu na suruali yake mpya.

Mama Aikande akalipokea isale. Akaliinua juu mbele ya watu wote ili walione, kwaya ikapiga vigelegele, na mimi nikaanza kuinuka nikijua yameisha, nikawaze mtori wangu.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Vua viatu, shika jembe."

Wapendwa, niliotesha, kwa mashina aliyoyatoa nyuma ya zizi lake mwenyewe. Na gauni lile lile na nywele zile zile, huku kwaya inaimba na mchungaji amekunja mikono ya kanzu yake anapokezana na Hamisi kukwangua kokoto. Baba mkwe akashuka kwenye gari, akaja akitembea polepole, akapapasa ardhi kwa mguu mpaka akazipata alama za mashimo ya zamani, akasimama mwisho mmoja na Mama Aikande mwisho mwingine wakishika kamba, na kila nilipopanda shina nje ya kamba hata kwa upana wa kidole walisema kwa pamoja, "Toa." Magari ya wageni ikabidi yakaegeshwe kanisani. Tulipomaliza, wazee wale wawili walinawa mikono wakatangulia kuingia ndani na matope yao miguuni, Mama Aikande kulia na baba mkwe kushoto, na sikusema neno. Eli alikuwa amesimama mlangoni anawaangalia, macho yamemjaa machozi, na mimi nikajua kwamba ningepoteza hilo ningekuwa nimemjengea nyumba ya bure. Chakula kilikuwa kimepoa, kililiwa hivyo hivyo, na kwa kweli watu waliisifia sana ile dari.

Masale yameshika, yana majani mapya. Mimi nimeapa, na kiapo changu kiko hai kila Jumamosi tunapopanda: sing'oi, sikati, sichimbi kitu kihambani kabla ya kuuliza. Hata nikitaka kuotesha mche wa parachichi mbele ya mlango wangu, katikati kabisa ya uwanja wetu ambapo hata kipofu angejua ni kwetu, nasimama kwanza na jembe langu naita, "Mama, samahani, hapa ni kwangu?" Naye ananisikia vizuri, ila anamaliza kwanza kukamua, anafunika maziwa, ananawa, anajifuta mikono, ndipo anatokea kutazama ninapoonyesha. Anajua ni kwangu. Ananisubirisha tu, na mimi nasubiri.